Safari ya Virunga: Ardhi na Maneno Yake

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi nguvu za ardhi zilivyoiumba mandhari ya Virunga, kaskazini mwa Ziwa Kivu, na jinsi maneno ya wenyeji yanavyomsaidia msafiri kuielewa na kujihadhari nayo. Mwanafunzi aendaye huko huchukua ramani na viatu imara. Twaona ni vema achukue pia maneno manne: ufa, kirunga, makoro na mazuku.

2. Ufa na kirunga

Ardhi ya Afrika Mashariki inapasuka polepole, kwa milimita chache kila mwaka. Mkono wa magharibi wa Bonde la Ufa ndio uliochimba mabonde ya maziwa Albert, Edward, Kivu na Tanganyika. Penye ufa, miamba iliyoyeyuka hupata njia ya kupanda. Hivyo ikazaliwa milima minane mikuu ya Virunga. Jina lenyewe latokana na neno la Kinyarwanda ibirunga, yaani milima ya volkano. Karisimbi (m 4,507) ndio mrefu kupita yote, lakini iwakayo siku hizi ni miwili tu: Nyiragongo (m 3,470) na Nyamulagira (m 3,058).

Milima hiyo iligeuza hata njia ya maji. Hapo kale maji ya Kivu yalielekea kaskazini, upande wa Ziwa Edward. Volkano zilipoziba njia hiyo, maji yalijaa hadi yakapata mlango wa kusini, ndio mto Ruzizi uingiao Tanganyika. Basi atokaye Bukavu kwenda Uvira afuata maji yaliyofukuzwa na moto.

3. Makoro

Makoro ni mawe meusi ya zaha iliyopoa. Njia ya kupanda Nyiragongo huanzia Kibati, hupita msituni, kisha juu ya makoro hadi ukingo wa shimo kuu. Ndani ya shimo hilo mtaalamu Haroun Tazieff aliliona ziwa la zaha mwaka 1948. Zaha ya Nyiragongo ina silika kidogo mno, kwa hiyo ni nyepesi na hukimbia kama maji. Tarehe 10 Januari 1977 ziwa hilo lilimwagika kwa muda usiotimia saa moja, likaua watu wengi. Tarehe 17 Januari 2002 zaha ilipita katikati ya mji wa Goma hadi ziwani; tarehe 22 Mei 2021 ilisimama kwenye viunga vya mji. Kila mara wakazi wamerudi, wakajenga kuta na misingi kwa makoro yale yale yaliyofunika nyumba zao.

4. Mazuku

Neno hili ndilo lenye uzito kuliko yote. Mazuku ni gesi ya kaboni itokayo katika nyufa za ardhi, hasa magharibi mwa Goma, kuelekea Sake. Haina rangi, tena ni nzito kuliko hewa. Hivyo hutuama mabondeni na mashimoni, zaidi usiku na alfajiri wakati upepo umetulia. Mbuzi na mtoto hupatwa kabla ya mtu mzima aliyesimama, kwa kuwa pua zao zi karibu na ardhi. Msafiri apendaye kulala bondeni, penye majani mazuri na utulivu, huenda asiamke.

Kwa upande wa isimu, twaweza kulinganisha neno hili na kitenzi kuzuka na nomino mzuka: kitu kitokeacho ghafula bila kuonekana kinakotoka. Wataalamu wa volkano waandikao Kifaransa na Kiingereza wamelichukua jinsi lilivyo. Ni nadra lugha yetu kuipa sayansi istilahi. Hapa imeipa, kwa sababu wenyeji waliijua hatari hiyo na kuipa jina.

5. Hitimisho

Tangu mji wa Goma uingie mikononi mwa M23 Januari 2025, yeyote apangaye safari hiyo hana budi kuulizia kwanza hali ya usalama. Hata hivyo, kazi moja haingoji safari. Wanafunzi watokao Kivu wayakusanye maneno ya wazee wao juu ya moto, mawe na hewa, wayaandike pamoja na maana zake. Amjuaye mazuku kwa jina hatatandika mkeka wake bondeni.