Kufunga Gati kwa Tanga na kwa Mashine: Ujuzi wa Bahari na Hatima ya Msamiati Wake

Utangulizi

Methali isemayo "Dau la mnyonge haliendi joshi" hufundishwa katika shule nyingi, na wanafunzi wengi huifasiri ipasavyo: asiye na uwezo hafanikiwi kwa wepesi. Hata hivyo, ni wachache wanaoweza kueleza joshi ni nini, na kwa nini kwenda joshi kunahitaji nguvu. Sababu iko wazi. Kazi iliyoizaa methali hiyo, yaani kuendesha chombo kwa tanga, imepungua sana katika mwambao, na vyombo vingi sasa huenda kwa mashine. Makala haya yanaangalia hatua moja ya kazi hiyo ambayo humpima nahodha kuliko nyingi nyinginezo: kukileta chombo gatini. Yanalinganisha njia ya tanga na njia ya mashine kwa kutumia mfano wa Lamu, kisha yanadokeza jinsi mabadiliko haya yanavyougusa msamiati wa Kiswahili.

Chombo na Sehemu Zake

Tanga la jahazi au mashua ya mwambao hufungwa kwenye foromali, ule mti mrefu unaotwekwa mlingotini kwa henza na jarari. Pembe ya tanga iliyo mbele chini ndiyo joshi, au goshi kwa matamshi mengine, na kamba inayoizuia pembe ya nyuma ni demani. Kutokana na sehemu hizi, upande upepo utokako huitwa wa joshini, na ule wa pili wa demani. Kwenda joshi, basi, ni kwenda karibu na utokako upepo. Chombo hakiwezi kuuelekea upepo moja kwa moja. Hubisha, yaani hukata bahari kwa mshazari, mara kulia mara kushoto. Kwa kazi hiyo dau huhitaji tanga zuri, mkuku imara na mabaharia wa kutosha. Dau la mnyonge halina hayo, hivyo huchukuliwa na upepo.

Aidha, wazee wa bahari hutofautisha kupindua kwa goshi, ambapo omo hupitishwa upepo ulipo, na kupindua kwa damalini, ambapo ni tezi inayopitishwa. Katika jahazi kubwa njia ya kwanza ni ngumu, kwa kuwa tanga hugandamizwa mlingotini na foromali nzito lazima ihamishiwe upande wa pili. Njia ya pili ni salama zaidi, lakini huhitaji nafasi kubwa ya maji. Mbele ya gati nafasi hiyo haipatikani, na hapo ndipo ugumu unapoanzia.

Kufunga Gati kwa Tanga

Chombo cha tanga hakina breki. Nahodha anayekaribia gati huwa na mambo matatu ya kupima kwa wakati mmoja: upepo, mkondo wa maji, na kasi ambayo chombo kitaendelea kuwa nayo hata baada ya tanga kutuliwa. Kosa katika kupima lolote kati ya hayo huweza kuvunja mbao za ubavu au mguu wa baharia aliyejaribu kukizuia chombo kwa mwili wake.

Kanuni ya msingi ni kuukabili ule ulio na nguvu zaidi kati ya upepo na mkondo. Chukua mfano wa mkondo wenye kasi ya noti 2. Chombo chenye mwendo wa noti 3 majini, kikiukabili mkondo huo, hulisogelea gati kwa noti 1 tu, na usukani bado hufanya kazi kwa sababu maji yanaupitia kwa noti 3. Kikiufuata mkondo, hulijia gati kwa noti 5. Nguvu ya kishindo huongezeka kwa mraba wa kasi. Kwa hiyo kishindo cha noti 5 ni mara 25 ya kile cha noti 1.

Huko Lamu, mlango wa bahari ulio kati ya kisiwa cha Lamu na cha Manda hubadili mkondo takriban kila baada ya saa sita, maji yanapojaa na yanapokupwa. Wakati wa bamvua tofauti ya kina hufikia mita 3 na zaidi, na mkondo huwa mkali kuliko wakati wa maji mafu. Upepo nao hubadilika kwa majira. Wa kusi huvuma takriban Aprili hadi Oktoba. Wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, hutoka kaskazini mashariki na huelekea kukisukuma chombo kwenye ukuta wa mji. Katika hali hii ya pili nahodha mwangalifu hajitupi gatini. Hutua tanga mapema, hutia nanga mbali kidogo upande utokako upepo, kisha huilegeza amari polepole hadi chombo kisogee chenyewe. Nanga hapo ndiyo breki. Upepo ukitoka nchi kavu, hutua foromali karibu zaidi na kukiacha chombo kiingie kwa mwendo uliobaki, huku baharia akiwa tayari na kamba na mwingine na pondo.

Kufunga Gati kwa Mashine

Mashine huleta faida tatu kubwa. Kwanza, chombo huweza kwenda moja kwa moja kuelekea utokako upepo bila kubisha. Pili, rafadha ikizungushwa kinyume, chombo husimama na hata kurudi nyuma. Tatu, pale rafadha inapokuwa mbele ya usukani, maji yanayosukumwa huupiga usukani na kumwezesha nahodha kugeuza omo hata chombo kikiwa karibu kusimama.

Hata hivyo, mashine ina tabia zake. Rafadha nyingi huzunguka kuelekea kulia zikitazamwa kutoka nyuma. Zinapozungushwa kinyume, tezi huvutwa kushoto. Nahodha ajuaye hilo hupendelea kuleta ubavu wa kushoto gatini, ili kule kurudi nyuma kukivute chombo kwenye dapra badala ya kukitenga. Isitoshe, mashine huweza kuzimika ghafla: mafuta yakiwa na uchafu, au kipande cha wavu kikinasa kwenye rafadha. Bandarini, ambako kamba hazikosi kuelea, hatari hiyo ni kubwa. Ndiyo maana mabaharia wazoefu huiweka nanga tayari na kuliacha tanga bila kulifunga kabisa hadi kamba za gati zishikwe. Kanuni ya kuukabili upepo au mkondo nayo haibatiliki kwa kuwapo kwa mashine. Huwa tu ina msamaha zaidi.

Sheria nazo hutofautisha njia hizi. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini za mwaka 1972 hukihesabu chombo kuwa cha tanga pale tu ambapo mashine yake haitumiki. Mashine ikiwashwa, hata kama tanga limetwekwa, chombo hicho ni cha mashine, na kwa kawaida hupaswa kukipisha cha tanga. Hata hivyo, katika mlango mwembamba, chombo cha tanga hakiruhusiwi kukizuia kile kisichoweza kupita salama pengine.

Athari kwa Msamiati

Ni bayana kwamba mabadiliko ya kazi huleta mabadiliko ya lugha. Baadhi ya maneno ya bahari yamehama na kuishi kwingine: rubani, aliyekuwa mwongoza chombo baharini, leo ni mwendesha ndege, usukani umeingia garini na katika uongozi, na mambo ya nchi kavu huenda mrama. Lakini maneno kama henza, jarari, goshi na damalini hayakupata makao mapya. Demani lina bahati kidogo, kwa kuwa ni jina pia la majira ya mwishoni mwa kusi. Mengine yamebaki kamusini, yakifafanuliwa kwa maelezo mafupi ambayo msomaji wa bara hawezi kuyatumia kuona jambo lenyewe.

Hitimisho

Hakuna haja ya kumlaumu nahodha anayewasha mashine. Mashine humwokoa na dhoruba, humwahisha msafiri na mgonjwa, na humpunguzia gharama ya mabaharia wengi. Lakini anayeifahamu njia ya tanga huiendesha mashine vizuri zaidi, na siku itakapozimika hatakuwa abiria katika chombo chake mwenyewe. Kwa wanafunzi wa Kiswahili, jukumu lililo wazi ni kukusanya maneno haya pamoja na kazi zake, kutoka kwa manahodha na kwa waundaji vyombo wa Matondoni na kwingineko, wakati wajuzi wangali hai. Orodha ya maneno peke yake haitoshi. Neno joshi huhifadhiwa vyema na yule anayejua pia upepo unatoka wapi.