Nairobi hadi Dar es Salaam: Njia fupi si lazima iwe njia bora

MSIMU wa likizo unapokaribia, Wakenya wengi wenye magari ya kibinafsi huanza kupanga safari ya kuvuka mpaka kuelekea Tanzania. Wapo waendao harusini, wapo waendao kuwazuru jamaa, na wapo wanaotaka tu kubarizi katika fuo za Dar es Salaam na kuvuka hadi Unguja.

Jambo ambalo wengi hulifanya ni kuitazama ramani katika simu, kuchagua mstari ulio mfupi kuliko mingine na kutia gari moto. Ramani hiyo huonyesha kilomita na saa. Haionyeshi mpaka wenye foleni, tembo wanaovuka barabara jioni, wala msururu wa malori yanayokokotana mlimani. Msafiri anayechagua njia kwa kilomita peke yake huenda akajuta kabla hajafika nusu ya safari.

Kutoka Nairobi hadi Dar es Salaam kuna njia tatu kuu za lami, na ya nne ambayo haijulikani sana. Kila moja ina faida na hasara zake.

Namanga: njia ya wengi

Njia ya kwanza na inayotumiwa na watu wengi ni ile ya kupitia Kitengela, Isinya, Kajiado na Bissil hadi Namanga, mwendo wa takriban kilomita 165. Kutoka Namanga msafiri hupitia Longido hadi Arusha, kiasi cha kilomita 110, kisha hushika barabara ya Moshi, Himo, Same, Korogwe na Segera. Safari nzima hukaribia kilomita 900 au kuzidi kidogo.

Faida kubwa ya njia hii ni mpaka wenyewe. Kituo cha pamoja cha huduma za mpakani cha Namanga kilifunguliwa rasmi Desemba 1, 2018 na marais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta na John Magufuli. Katika mfumo huo, msafiri husimama mara moja tu, upande wa nchi anayoingia. Maafisa wa uhamiaji na forodha wa nchi zote mbili hukaa chini ya paa moja, hivyo hati zake hugongwa muhuri wa kutoka na wa kuingia mahali pamoja.

Hasara yake huanzia Nairobi. Msongamano wa Mlolongo, Athi River na Kitengela unaweza kumla msafiri saa nzima au zaidi iwapo atachelewa kutoka nyumbani. Anayeondoka saa kumi na moja alfajiri huwa amevuka Isinya kabla ya wengine kumaliza kupiga kifungua kinywa.

Taveta: njia iliyofufuka

Njia ya pili ni ya kushika barabara kuu ya Mombasa hadi Voi, kiasi cha kilomita 330, kisha kukata kulia kupitia Mwatate, Bura na Maktau hadi Taveta, kilomita nyingine 110 hivi. Ng'ambo ya mpaka ni Holili, na kutoka hapo ni mwendo mfupi hadi Himo, ambako barabara inaungana na ile ya kutoka Arusha.

Kwa miaka mingi sehemu ya Mwatate hadi Taveta ilikuwa ya vumbi na mawe, na madereva waliikwepa. Kutiwa lami kwa barabara hiyo, pamoja na kituo cha pamoja cha Taveta na Holili, kumeibadilisha kabisa hali hiyo. Leo ni barabara nzuri isiyo na magari mengi.

Hata hivyo, barabara hiyo inakatiza katika eneo la Tsavo Magharibi. Tembo, nyati na pundamilia huvuka wanapotaka. Giza linapoingia, tembo aliyesimama katikati ya lami huonekana akiwa mita chache tu mbele ya taa za gari. Kwa hivyo njia hii ni ya mchana. Aidha, sehemu ya Nairobi hadi Voi ndiyo njia ya malori yote yatokayo na kuelekea bandari ya Mombasa, na kuyapita malori hayo katika barabara ya njia mbili kumeshawagharimu wengi maisha yao.

Lunga Lunga: njia ya Pwani

Njia ya tatu ni ya kufika hadi Mombasa, kisha kushuka Kwale kupitia Ukunda na Msambweni hadi Lunga Lunga, karibu kilomita 100 kutoka Mombasa. Upande wa Tanzania ni Horohoro, ambako lami huendelea hadi jiji la Tanga na kisha Segera.

Zamani kikwazo kikuu kilikuwa kivuko cha Likoni, ambapo msafiri angeweza kuisubiri feri kwa muda mrefu juani. Barabara ya Dongo Kundu, iliyokamilika miaka ya karibuni, sasa humwezesha anayetoka Nairobi kuingia Kwale bila kukanyaga kisiwa cha Mombasa wala kuitazama feri.

Kwa mkazi wa Mombasa, Kilifi au Kwale, hii ndiyo njia isiyo na mshindani. Kwa anayetoka Nairobi, kilomita zake hupita 1,000, na haina maana kuishika isipokuwa ana shughuli Mombasa au Tanga, au ana nia ya kulala njiani na kuifurahia Pwani.

Oloitokitok: fupi machoni

Njia ya nne hukata Emali kuelekea Kimana na Oloitokitok, huvukia Tarakea, kisha huteremka kwenye vitongoji vya Kilimanjaro kupitia Rombo na Marangu hadi Himo. Kwenye ramani hii ndiyo fupi kuliko zote, na mandhari yake hayana kifani.

Lakini mpaka huu ni mdogo ukilinganishwa na Namanga. Kabla ya kuushika, mwenye gari anapaswa kuhakikisha kwamba kibali cha gari, bima na malipo yote vinaweza kukamilishwa pale pale, na saa ambazo maafisa huwa kazini. Bila hivyo, atakuwa amepunguza makumi ya kilomita na kupoteza nusu siku akirudi nyuma. Barabara ya Rombo nayo ina kona nyingi na watu wengi kandokando, na haitaki haraka.

Kuanzia Himo ni njia moja

Njia zote isipokuwa ya Pwani hukutana Himo, na zote nne hukutana Segera. Kumaanisha kwamba, yeyote atakayechagua lipi, zaidi ya kilomita 200 za mwisho ni zile zile, na kwa walio wengi ni zaidi ya kilomita 500.

Hapa ndipo hatari iliko. Barabara ya Same hadi Korogwe imenyooka, ni tambarare na humshawishi dereva kukanyaga mafuta. Juni 28, 2025, basi kubwa na basi dogo viligongana katika eneo la Sabasaba, wilayani Same, na kuwaka moto. Watu wasiopungua 38 walifariki. Ilielezwa kwamba tairi la basi moja lilipasuka na dereva akashindwa kulidhibiti. Tairi kuukuu, joto na mwendo wa kasi ni mambo matatu yasiyopaswa kukutana katika barabara hiyo.

Madereva wa Kenya hushangazwa pia na vibao vya kilomita 50 kwa saa ambavyo huonekana karibu katika kila kijiji. Vibao hivyo si mapambo. Askari wa usalama barabarani wa Tanzania husimama kivulini na vifaa vya kupima kasi, na faini hutozwa kwa kila kosa. Mwenye kulipuuza agizo hilo kuanzia Himo hadi Segera anaweza kusimamishwa mara kadhaa kwa siku moja, na muda aliodhani ameuokoa ukaishia kandokando ya barabara.

Baada ya kuvuka mto Wami, msafiri hufika Msata na kuwa na uamuzi wa mwisho. Akienda moja kwa moja hadi Chalinze atajiunga na barabara ya Morogoro, inayobeba malori ya kwenda Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi. Msongamano wa kutoka hapo hadi Kibaha unajulikana. Akikata kushoto Msata, atapita Bagamoyo kwa lami hadi Bunju, Tegeta na Mwenge. Kwa anayekwenda maeneo ya kaskazini mwa jiji, njia ya Bagamoyo mara nyingi humpunguzia adha.

Hati zisizosahaulika

Njia yoyote ile haitamfaa asiye na hati kamili. Tofauti na Uganda na Rwanda, ambako Mkenya anaweza kuingia kwa kitambulisho cha taifa, Tanzania humtaka awe na pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano huulizwa mpakani, na ni busara kukibeba.

Kuhusu gari, dereva anahitaji leseni, hati halisi ya umiliki na, ikiwa gari si lake au bado lina deni la benki, barua ya idhini kutoka kwa mwenyewe. Bima ya Kenya peke yake haitoshi. Anapaswa kuwa na kadi ya njano ya COMESA, ambayo huchukuliwa kwa kampuni yake ya bima kabla ya safari. Ingawa Tanzania ilijiondoa katika COMESA mwaka wa 2000, imeendelea kuitambua kadi hiyo.

Forodha humpa kibali cha muda cha kuingiza gari. Tarehe ya mwisho iliyoandikwa humo ni ya kuheshimiwa, kwa sababu kuipitisha huleta adhabu. Anayetaka kuingilia Namanga na kutokea Lunga Lunga awaeleze maafisa tangu mwanzo. Pembetatu mbili za kuakisi mwanga na kizimamoto viwe ndani ya gari.

Uamuzi

Kwa anayetoka Nairobi na kutaka kufika salama, Namanga inabaki kuwa chaguo la kwanza. Anayetoka Makueni au Taita Taveta hana sababu ya kurudi Nairobi, kwani Taveta inamwita. Wa Pwani ashike Lunga Lunga. Mwenye siku za kutosha anaweza kwenda kwa njia moja na kurudi kwa nyingine.

Bali uamuzi ulio mkubwa kuliko wa njia ni wa kugawa safari. Dereva mmoja kuendesha zaidi ya saa 14 kwa siku ni kujitafutia msiba. Tangu mwaka wa 2023, Tanzania iliporuhusu tena mabasi kusafiri usiku, giza la barabara hiyo lina mabasi mengi kuliko zamani. Kulala Arusha, Moshi au Korogwe hugharimu kitanda na chakula cha jioni tu. Wahenga walinena kwamba mwenda pole hajikwai, na harusi ya Dar es Salaam haitapungua utamu kwa mgeni kufika siku moja baadaye akiwa mzima na watoto wake.