Oili ipi inafaa pikipiki yako? Mwongozo kwa waendeshaji wa boda boda Kakuma na Kalobeyei

Pikipiki ya boda boda ikisimama, chakula cha nyumbani nacho kinakuwa shida. Wengi wa waendeshaji hapa, wakimbizi na wenyeji, hawaendeshi pikipiki yao wenyewe. Kila jioni mwenye pikipiki anasubiri pesa zake. Injini ikinoki kwa sababu ya oili isiyofaa, ugomvi wa nani atalipa huanza, na kuitengeneza hugharimu pesa nyingi kuliko chupa kadhaa za oili nzuri.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kuchagua oili, hata kama kitabu cha pikipiki kimepotea zamani.

Kwa nini usiweke oili ya gari?

Kwenye gari, oili ya injini hulainisha injini peke yake. Gia zina mafuta yake, na klachi hufanya kazi ikiwa kavu. Kwenye pikipiki nyingi za boda boda, oili ile ile moja huhudumia injini, gia na klachi. Pleti za klachi zinaogelea ndani yake.

Oili nyingi za magari ya kisasa zimetiwa dawa ya kupunguza msuguano ili gari litumie petroli kidogo. Lakini klachi ya pikipiki inahitaji msuguano ili ishike. Ukiweka oili hiyo, klachi inaweza kuanza kuteleza: unaongeza moto, injini inalia, lakini pikipiki haina nguvu. Fikiria hali hiyo ikikupata kwenye mchanga wa Tarach usiku, huku umebeba mama mjamzito anayekimbizwa hospitali.

Soma maandishi ya chupa

Usichague kwa rangi ya chupa wala picha iliyo mbele. Igeuze, utafute mambo haya:

- 4T. Maana yake ni oili ya injini ya mipigo minne, kama zilivyo karibu boda boda zote. Oili ya 2T huchanganywa na petroli na kuungua nayo. Usiiweke kwenye injini ya mipigo minne.
- JASO MA, MA1 au MA2. Hiki ni kiwango cha Japani kinachoonyesha kuwa oili inafaa klachi inayoogelea. JASO MB ni ya skuta zisizo na klachi ya aina hiyo.
- API. Hiki ni kiwango cha Marekani. Herufi S ni ya injini za petroli, kwa mfano SJ, SL au SN. Herufi ya pili ikiwa mbele zaidi katika alfabeti, kiwango ni kipya zaidi. Chupa yenye C peke yake, kama CF, ni ya injini za dizeli.
- "Energy Conserving" au "Resource Conserving". Ukiona maneno haya, iache. Hiyo ni oili ya gari.

Namba 20W-50 zina maana gani?

Namba iliyo na W inaonyesha oili inavyotiririka injini ikiwa baridi. Namba ya pili inaonyesha uzito wake injini ikishapata moto. Ikiwa kubwa, oili inabaki nzito zaidi kwenye joto. Huku Turkana, ambako mara nyingi joto hupita nyuzi 35, pikipiki kama Bajaj Boxer hutumia 20W-50. Baadhi ya pikipiki mpya, zikiwemo za Honda, zimetengenezewa oili nyepesi kama 10W-30. Kitabu cha pikipiki kikisema hivyo, fuata kitabu.

Jihadhari na oili ya kupimiwa

Oili inayouzwa kwa kupimwa kutoka kwenye mtungi ni rahisi, lakini huwezi kujua ni ya nini, wala kama imewahi kutumika. Nunua chupa ambayo kifuniko chake hakijafunguliwa, na uombe risiti. Ukimaliza, toboa chupa ili mtu asiijaze oili chafu na kuiuza tena.

Pima, badilisha, usimwage

Pima oili kila asubuhi kabla ya kuwasha. Simamisha pikipiki wima mahali tambarare, futa kijiti cha kupimia, kirudishe, kisha uangalie. Oili iwe kati ya alama mbili. Ikizidi pia ni hatari. Pikipiki nyingi za boda boda huchukua karibu lita moja.

Vumbi, joto na mizigo huchosha oili haraka. Kwa hiyo usipitishe kilomita zilizoandikwa kwenye kitabu, na safisha chujio la hewa mara kwa mara. Moshi wa samawati kwenye ekzosi unaonyesha injini inaunguza oili. Mwone fundi mapema.

Oili chafu usiimwage chini wala ndani ya laga. Mvua ikinyesha huenda nayo kwenye maji tunayochota na kunyweshea mifugo. Iweke kwenye mtungi wenye kifuniko, mbali na watoto, kisha mpelekee fundi anayeikusanya.

Kama pikipiki si yako

Kubaliana na mwenye pikipiki mapema: nani ananunua oili, ya aina gani, na baada ya kilomita ngapi. Andikeni, na utunze risiti. Siku injini ikileta shida, risiti hizo zitaonyesha kuwa uliitunza.