Kazi Inapommaliza Mtu

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mtaa wa East Village jijini New York ulijaa vijana waliotoroka makwao na kutumbukia kwenye dawa za kulevya. Kliniki moja ya mtaani hapo iliwatibu bure. Wahudumu wake wengi walikuwa watu wa kujitolea, akiwemo mwanasaikolojia Herbert Freudenberger, mzaliwa wa Frankfurt aliyeikimbia Ujerumani ya Wanazi akiwa mtoto. Mchana aliwaona wagonjwa wake wa kulipia. Jioni, wenzake wa mjini wakirudi majumbani, yeye alielekea kliniki na kukaa huko hadi usiku wa manane.

Ndani ya mwaka mmoja hivi aligundua kwamba waliokuja na moyo mkubwa kuliko wote ndio walioanza kubadilika. Vichwa viliwauma, usingizi ukawapaa, mafua hayakuwaisha, na hasira zikawa karibu mno. Kijana aliyekuwa akipokewa kama ndugu akaanza kupokewa kama usumbufu. Ajabu zaidi, wahudumu hao walikuwa wakishinda kliniki saa nyingi kuliko zamani, huku kazi wanayoimaliza ikizidi kupungua. Freudenberger mwenyewe hakusalimika. Siku ya kusafiri na familia yake kwenda kupumzika, alishindwa kuinuka kitandani. Mwaka 1974 akachapisha makala kuhusu aliyoyaona, na hapo ndipo utafiti wa uchovu sugu wa kazi ulipoanzia.

Watu hao hawakuwa wavivu, na hilo lafaa kusemwa mapema, kwa sababu katika ofisi nyingi za kwetu mtu aliyepoa ghafla hutungiwa maelezo upesi. Atasemwa amebweteka, ana dharau, au amepata kazi nyingine na anatafuta sababu ya kuondoka. Ni mara chache mtu huulizwa ni mwaka wa ngapi huu anafanya kazi ya watu wawili.

Msongo wenyewe si adui. Mhasibu anayefunga hesabu za mwaka, au mwalimu mwenye lundo la mitihani ya kusahihisha, huhitaji kiasi fulani cha msukumo. Mwili humwaga adrenalini na kotisoli, moyo huongeza kasi, sukari hupanda kwenye damu, akili hukaa macho. Mwaka 1936 mtafiti Hans Selye, aliyekuwa Montreal nchini Kanada, alieleza katika jarida la Nature kwamba mwili unaobanwa hupita hatua tatu: kwanza hushtuka, kisha huhimili, na mwisho, kama kinachoubana hakiondoki, huishiwa nguvu. Hesabu zikifungwa na mitihani ikirudishwa, mwili hutulia. Tatizo ni kazi isiyo na siku ya kufungwa, ambayo lundo la leo halijaisha la kesho limeshafika.

Aliyeipa hali hii vipimo ni Christina Maslach wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Alizungumza na wauguzi, wanasheria wa watu maskini, walinzi wa magereza na wengine ambao kazi yao ni kubeba shida za watu. Mwaka 1981, yeye na Susan Jackson walitoa dodoso ambalo hadi leo linatumika duniani kote. Waliuona uchovu huu kuwa na sura tatu. Ya kwanza ni kuishiwa nguvu kabisa, ule uchovu ambao mtu analala nao na kuamka nao. Ya pili ni moyo kuwa mgumu: muuguzi haoni tena mama mwenye uchungu, anaona “yule wa kitanda cha nne”, na karani wa dirishani anasema “rudi kesho” kabla hajalisikia swali. Ya tatu ni mtu kujiona hana analofanya la maana, hata pale matokeo yanapoonyesha vingine.

Sura hiyo ya pili ndiyo inayotuumiza sisi tunaohudumiwa, na ndiyo tunayoilaani. Lugha chafu wodini, mwalimu mwenye kiboko na kejeli, ofisa anayeongea huku akitazama simu. Si kila ukali ni uchovu, maana wapo wenye roho mbaya tu. Lakini ukali wa mtu aliyesifika kwa upole miaka mitano iliyopita unastahili kuchunguzwa kabla ya kukemewa.

Shirika la Afya Duniani liliiingiza hali hii kwenye orodha yake mpya ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Hata hivyo halikuiita ugonjwa. Liliieleza kuwa hali ya kikazi inayotokana na msongo wa muda mrefu mahali pa kazi ambao haukushughulikiwa ipasavyo, na likasisitiza kuwa isitumiwe kueleza mambo mengine ya maisha. Mpaka huo una maana yake. Sonona humfuata mtu mpaka kwenye harusi ya mdogo wake na kumwondolea raha ya kila kitu. Mtu anayekata tamaa ya kuishi anahitaji daktari mara moja. Kumwambia apumzike wikiendi ni kumtelekeza. Ila uchovu wa kazi ulioachwa miaka unaweza kumfikisha mtu kwenye sonona, na si rahisi kila mara kusema kimoja kimeishia wapi na kingine kimeanzia wapi.

Sasa, ni nani hasa huumizwa na kazi? Jibu la haraka ni bosi: ana maamuzi mazito, vikao visivyokwisha, na kwa kawaida vidonge vya presha kwenye droo. Uingereza ililipima jibu hilo. Kuanzia mwaka 1967, watafiti waliwafuatilia wanaume zaidi ya 17,000 waliokuwa watumishi wa serikali jijini London, watu wenye ajira za kudumu na mishahara ya uhakika. Matokeo yalikwenda kinyume na matarajio. Wahudumu wa ngazi ya chini, kama matarishi na walinzi wa milango, walikufa kwa maradhi ya moyo takriban mara tatu zaidi ya wakubwa wa juu. Sigara, uzito na shinikizo la damu vilieleza sehemu tu ya tofauti hiyo. Utafiti wa pili, ulioanza mwaka 1985 chini ya Michael Marmot na kuwajumuisha wanawake, ulionyesha kwamba sehemu kubwa ilihusu kauli: mtu anaweza kuamua nini kuhusu kazi yake, lini aifanye, kwa utaratibu gani?

Mtaalamu Robert Karasek alikuwa amelisema hilo mwaka 1979. Kazi nzito yenye nafasi ya kuamua humkomaza mtu, na kazi nzito isiyo na nafasi hiyo humla.

Anayetaka kuiona nadharia hiyo bila kufungua kitabu asimame kituoni Dar es Salaam alfajiri. Dereva wa daladala ana hesabu ya kumpelekea tajiri kila siku, iwe abiria wapo au hawapo. Mafuta ni juu yake, na kinachobaki ndicho chake na kondakta. Hana kauli juu ya foleni, bei ya mafuta, nauli iliyopangwa na serikali, wala trafiki aliyesimama mbele. Kitu pekee kilicho mikononi mwake ni saa: aanze mapema zaidi, alale kwa kuchelewa zaidi, aendeshe kwa kasi zaidi. Bodaboda aliyechukua pikipiki ya mkataba yuko vilevile. Abiria humwona dereva mkorofi na kumtukana, bila kujua kwamba saa nane mchana dereva huyo bado hajafikisha hata nusu ya hesabu.

Kuna jambo lingine ambalo watu wa kazi hulijua bila kufundishwa, nalo ni malipo yasiyolingana na jasho. Mtaalamu Johannes Siegrist aliliandikia nadharia mwaka 1996, na katika malipo alihesabu pia heshima na uhakika wa ajira. Kenya ilitoa mfano wake mwaka 2024, madaktari wa hospitali za umma walipogoma kuanzia katikati ya Machi hadi Mei 8. Kiini kimoja cha mgogoro kilikuwa madaktari wanagenzi, vijana waliomaliza chuo na ambao hospitali huwaegemea kwa zamu ndefu. Mkataba wa pamoja wa 2017 uliwapa takriban Sh206,000 kwa mwezi. Serikali ikataka kuwalipa Sh70,000. Fedha ni fedha, lakini aliyewasikiliza vijana hao alisikia pia uchungu wa kuahidiwa jambo kwa sahihi kisha kugeukwa. Maslach na mwenzake Michael Leiter wanautaja ukosefu wa haki miongoni mwa mambo sita yanayochochea uchovu wa kazi, sambamba na mzigo wenyewe.

Na mzigo nao usidharauliwe. Japani ina neno lake la kifo kinachotokana na kazi, karoshi, na kisa cha kwanza kilichorekodiwa ni cha mwaka 1969: mfanyakazi wa miaka 29 katika idara ya usambazaji ya gazeti kubwa, aliyekufa kwa kiharusi. Sheria mahususi ya kuzuia vifo hivyo ilikuja mwaka 2014, miaka 45 baadaye. Mwaka uliofuata, msichana wa miaka 24 wa kampuni kubwa ya matangazo jijini Tokyo alijitoa uhai baada ya kufanya zaidi ya saa 100 za ziada kwa mwezi. Mahakama iliipiga kampuni hiyo faini ya yeni 500,000, kiasi ambacho kampuni ya ukubwa huo haiwezi kukihisi.

Mwaka 2021, Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalikadiria kwamba watu 745,000 walikufa mwaka 2016 kwa kiharusi na maradhi ya moyo yanayohusishwa na kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki. Hatari ya kiharusi kwa watu hao ni asilimia 35 juu ya wanaofanya saa 35 hadi 40.

Kwenye karatasi, Tanzania haiko vibaya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 kwa wiki, tisa kwa siku, saa za ziada zisizozidi 50 katika wiki nne, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Kenya, kwa sheria ya 2007, inatoa angalau siku 21 za kazi. Lakini mipaka hiyo ya saa nchini Tanzania haiwahusu mameneja wanaoripoti kwa uongozi wa juu, na kwa dereva wa daladala asiye na mkataba ni habari za kusomwa gazetini. Halafu kuna simu. Kundi la WhatsApp la ofisini halina saa ya kufunga. Bosi huandika “naomba ripoti” saa nne usiku, na alama mbili za buluu humuumbua aliyesoma akanyamaza. Ufaransa ilianza kuwalinda wafanyakazi dhidi ya ujumbe wa aina hiyo Januari 2017. Nchini Kenya, Seneta Samson Cherargei alipeleka muswada wa aina hiyo mwaka 2022, na waajiri wakaupinga.

Likizo husaidia, ila si kwa muda mrefu. Mwaka 1997 watafiti Mina Westman na Dov Eden walichapisha utafiti wa makarani 76 nchini Israeli waliopimwa kabla ya likizo, wakiwa likizoni na baada ya kurudi. Uchovu ulishuka wakiwa mapumzikoni. Wiki tatu baada ya kurudi ulikuwa pale pale ulipokuwa mwanzo. Na hao walipumzika kweli. Likizo ya mfanyakazi wa kwetu huenda ikaishia kwenye kusimamia mafundi wa nyumba isiyokwisha, kwenye msiba kijijini, au kwenye kibarua cha kuziba pengo la ada.

Ndiyo maana kampuni zinazomleta mtaalamu mara moja kwa mwaka kuwafundisha wafanyakazi namna ya kuvuta pumzi, kisha zikawarudisha kwenye meza zile zile, hupata picha nzuri za mitandaoni na si zaidi. Kuvuta pumzi hakudhuru. Usingizi, mazoezi na rafiki wa kumwambia ukweli vina faida yake. Ila kinachowarudisha watu waliochoka mara nyingi kiko kwenye ratiba ya zamu, kwenye idadi ya faili na kwenye kinywa cha msimamizi. Katika hospitali kadhaa za Kanada, Leiter na wenzake waliendesha mpango wa miezi sita ambapo vikundi vya wafanyakazi vilikutana mara kwa mara kuzungumzia namna wanavyotendeana, na vikajichagulia vya kurekebisha. Ule ugumu wa moyo ulipungua, na utoro nao ukapungua.

Iceland ilikwenda mbali zaidi. Kati ya mwaka 2015 na 2019, wafanyakazi wapatao 2,500 wa ofisi za umma, shule za chekechea na hospitali walipunguziwa saa kutoka 40 hadi 35 au 36 kwa wiki, mshahara ukibaki ule ule. Vikao vilifupishwa au kufutwa, kazi zisizo na lazima zikaachwa, zamu zikapangwa upya. Msongo ulishuka na huduma haikuzorota. Wodini, hata hivyo, hakukuwa na vikao vya kutosha kufuta. Mgonjwa lazima ageuzwe, dawa lazima itolewe usiku, na hapo serikali ililazimika kutoa fedha na kuajiri watu wa ziada. Kenya na Tanzania hazikosi watu hao. Wauguzi na matabibu wenye vyeti wako mitaani wakisubiri ajira, huku wenzao walio kazini wakiunganisha zamu kwa sababu hakuna wa kuwapokea.