Ugonjwa wa Miguu na Midomo: Jina Lake, Dalili Zake, na Desturi ya Kuupaka

Kimeta, chambavu, ndigana, sotoka: majina haya kila mchungaji huyajua tangu utoto wake. Lakini jina "ugonjwa wa miguu na midomo" si la wachungaji. Limefasiriwa kutoka lugha za Ulaya, nalo lina kasoro mbili. Kwanza, halitaji ulimi wala chuchu, na huko ndiko malengelenge hutokea mara nyingi. Pili, humfanya mtu angoje mpaka ng'ombe achechemee ndipo aseme, Ndio huo. Wamasai huuita oloirobi, na jina hilo hilo hulitumia kwa mafua ya binadamu. Shina lake ni lile la ubaridi, ambalo mji wa Nairobi nao ulipata jina kwalo. Twaona ya kwamba walioutaja hivyo waliangalia vema, kwa kuwa homa ndiyo itanguliayo.

Ng'ombe aliyeambukizwa hukaa siku 2 hadi 14 bila kuonyesha neno. Kisha joto la mwili hupanda hata digrii 40 au 41, maziwa hupungua ghafula, naye huacha kula. Mwenye kukamua kila siku atajua hapo, kabla ya mwingine yeyote. Baadaye ute humtoka mdomoni kama kamba, na midomo yake hulia kama mtu aonjaye kitu kichungu. Ukimfungua kinywa utaona malengelenge juu ya ulimi, katika fizi, na ndani ya midomo. Mengine hutokea katikati ya kwato, penye ukingo wa ukwato na ngozi, na juu ya chuchu. Hayadumu. Kwa muda wa siku moja au mbili hupasuka, na ngozi ya ulimi yaweza kubanduka vipande vipande, nyama ikabaki nyekundu. Ndiyo sababu ng'ombe huyo husimama mbele ya majani mazuri asiyale.

Dalili kubwa kupita zote si ya ng'ombe mmoja, illa ya kundi. Ng'ombe mmoja akichechemea mguu mmoja wakati wa matope, na kinywa chake ki safi, yamkini ukwato umeoza tu. Mwenye mapele ya ngozi huvimba vinundu mwili mzima. Sotoka, ambayo zamani ilileta vidonda vya kinywani pamoja na kuhara, imekwisha duniani. Ilitangazwa hivyo mwaka 2011. Basi, kundi likishikwa ute na kuchechemea kwa pamoja katika siku chache, hakuna haja ya kubishana. Mbuzi na kondoo huugua kidogo mno, hata mchungaji asitambue, nao hueneza kama wengine. Na ndama wachanga huweza kufa ghafula bila lengelenge lolote, maana ugonjwa huwaingia katika nyama ya moyo.

Hapa hatuna budi kueleza jambo lililotukia kijijini kwetu, upande wa Monduli, walipo wafugaji na wakulima pamoja. Siku chache kabla ya mvua za kupandia tulinunua mtamba mnadani, na jioni ile ile tukamtia katika zizi la jirani yetu, mzee atuchungiaye mifugo yetu. Siku ya tatu mtamba alitokwa na ute. Mzee hakutulaumu. Alichukua ute ule kwa kitambaa, akawapaka ng'ombe wake wote mdomoni, mmoja mmoja. Tulipomzuia alisema, "Mwalimu, mvua haimngoji mtu. Wakiugua wote leo, watapona wote mapema. Wakiugua mmoja mmoja, nitakuwa na wagonjwa mpaka mavuno."

Desturi hii hupatikana kwa wafugaji wengi wa Afrika, na waganga wa mifugo wa zamani za ukoloni nao waliitumia. Si upumbavu. Mzee aliyajua mambo mawili yaliyo kweli: ya kwamba ng'ombe mkubwa ni nadra kufa kwa ugonjwa huu, na ya kwamba aliyepona hupata kinga. Lakini ndama zake 5 walikufa katika juma moja, na maksai walipopona vinywa, kwato zilikuwa bado. Shamba la plau lililimwa kwa jembe la mkono, nalo halikufika nusu. Mwaka uliofuata ugonjwa ukarudi katika zizi lile lile, kwa ng'ombe wale wale. Hapo ndipo mzee alipotuuliza swali tusiloweza kulijibu siku ile: "Kinga yangu imekwenda wapi?"

Jibu lake ni hili. Mwaka 1898 wataalamu wawili wa Ujerumani, Loeffler na Frosch, walionyesha ya kwamba kisababishi cha ugonjwa huu hupenya chujio lizuialo bakteria. Ndicho kirusi cha kwanza cha wanyama kujulikana. Baadaye ilionekana ya kwamba si kimoja. Aina zake ni 7: O, A, C, Asia 1, na SAT 1, SAT 2 na SAT 3. Aina C haikuonekana tena tangu 2004. Katika Afrika Mashariki zitusumbuazo hasa ni O, A, SAT 1 na SAT 2. Kupona aina moja hakumkingi mnyama na nyingine. Mzee alikuwa amefunga mlango mmoja wa nyumba yenye milango minne. Tena nyati wa porini hukaa na aina za SAT kooni miaka mingi bila kuugua, na malisho yetu na yao ni mamoja.

Kwa hiyo chanjo nayo lazima ilingane na aina iliyopo. Mganga wa mifugo aitwe mapema, lengelenge likali bichi, ili achukue kipande cha ngozi yake kipelekwe maabara. Kidonda cha siku kumi hakisemi mengi. Kinga ya chanjo hudumu kama miezi 6 tu. Mnyama achanjwaye mara ya kwanza hurudiwa baada ya majuma machache, kisha kila nusu mwaka, na dawa yenyewe itunzwe katika ubaridi tangu inakotoka mpaka zizini.

Dawa ya kuua kirusi ndani ya ng'ombe haipo. Mgonjwa apewe kivuli, maji karibu, na majani laini; kinywa kioshwe kwa maji ya chumvi kidogo. Mchungaji wake asiende kwa wazima, na ikiwa ni mtu mmoja, awahudumie wazima kwanza. Viatu, ndoo na miguu ioshwe kwa magadi ya kufulia, kilo 4 katika lita 100 za maji, kwa maana kirusi hiki hakistahimili magadi wala siki. Mnada, josho na lambo viachwe. Hapa desturi zetu hutupinga: ng'ombe wa mahari huwa na siku yake iliyopangwa, na ng'ombe aliyewekwa kwa rafiki hudaiwa. Tumeona wazee wakikubali kuahirisha mahari kwa sababu ya msiba. Twaona sababu hii nayo yafaa.

Maziwa yachemshwe, ingawa ugonjwa huu karibu haumwingii binadamu. Watoto wa shule wakitoka malengelenge mikononi na mdomoni, huo ni ugonjwa mwingine wa jina la kukaribiana, wala haukutoka zizini.

Mtamba wetu alipona. Lakini manyoya yake yamekuwa marefu, na jua likipanda hutweta ulimi nje. Hali hiyo huwabakia baadhi ya waliopona, nao hawanenepi vema. Mzee sasa huwafunga ng'ombe wageni mbali na zizi, majuma manne, na wetu pia.