Peremende au bombo: pipi moja, majina mawili

Huko Rumonge, kama kwingineko Burundi, pipi huitwa bombo, neno lililotoholewa kutoka Kifaransa. Kiswahili sanifu kina peremende, neno lililotokana na jina la Kiingereza la mnanaa mkali unaotia ladha pipi hizo.

Tofauti hiyo imetokana na ukoloni. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Wabelgiji walitawala Burundi hadi 1962, nao Waingereza wakatawala Tanganyika hadi 1961.

Matumizi ni yaleyale: kuburudisha pumzi na kutuliza koo. Mentholi iliyomo katika mnanaa huamsha mishipa ya fahamu inayohisi baridi, ingawa kinywa hakipoi.

Kwa hiyo, asemaye bombo hakuharibu Kiswahili. Amerithi historia ya upande wake wa Ziwa Tanganyika.