Umeulizwa "Why Did You Leave?" Chunga Neno Linalotangulia "Because"

Usaili wa kazi unafanyika kwa simu ya video. Anayeuliza yuko Doha, anayejibu yuko Zanzibar, na amekaa mapokezi ya hoteli miaka mitatu. Linakuja swali ambalo kila mtu hulitegemea: "Why did you leave your last job?" Jibu linatoka haraka: "I left because the salary was low."

Sarufi iko safi, hakuna kosa hata moja. Lakini aliyeuliza ameshaandika kwenye karatasi yake kwamba huyu ni mtu wa hela, akipata pengine penye nyongeza kidogo ataondoka tena. Kumbe ukweli ulikuwa mpana. Mkataba ulikuwa unakaribia kuisha, mama alikuwa anaumwa Pemba na hakuna wa kumtazama, halafu ndiyo na mshahara nao ulikuwa mdogo.

Neno moja tu lingemwokoa: "I left partly because the salary was low." Hilo "partly" linamwambia msikilizaji kwamba mshahara ni kipande tu, kuna na mengine. Mtu wa usaili akilisikia, mara nyingi atauliza hayo mengine ni yapi, na hapo ndipo habari ya mama na mkataba inapata nafasi.

Kwa Kiingereza, "because" ikisimama peke yake husikika kama sababu yote, au angalau ile pekee yenye uzito. Ndiyo maana wazungumzaji wa lugha hiyo hupenda kuiwekea kielezi mbele yake ili kupima uzito wa sababu. "Mainly because" ni hasa kwa sababu, "largely because" ni karibu hivyo hivyo ila utaikuta zaidi kwenye maandishi ya habari na ripoti, na "partly because" ni kwa kiasi fulani. Kielezi kinakaa palepale kabla ya "because", hakihami kwenda nyuma.

Na hapa kwenye kukaa kabla ndipo Waswahili wengi wanapoteleza, hasa na neno "tu". Kwa Kiswahili mtu anasema, "Nimekuja kwa sababu tu umeniita." Hiyo "tu" iko nyuma ya sababu. Akiihamisha kama ilivyo, anapata "I came because only you called me." Sentensi hiyo ipo, lakini inasema kitu kingine kabisa: nimekuja kwa kuwa ni wewe peke yako uliyenipigia, wengine wote wamenitupa. Alichotaka kusema ni "I came only because you called me." Kwenye maongezi ya kawaida watu husogeza "only" mbele zaidi na kusema "I only came because you called me", na hakuna anayeshangaa.

Ila hata ikiwa sahihi, sentensi hiyo ina makali yake. Inabeba maana kwamba usingeniita, nisingefika. Kwa mchumba inaweza kuwa tamu. Kwa bosi aliyeitisha kikao ni kama kumwambia umeburuzwa.

Kuna vielezi vingine ambavyo kazi yake si kupima uzito bali kusema mtu ana uhakika kiasi gani. Hivi ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Chukua dereva anayejaza fomu ya bima ya Kiingereza baada ya ajali. Akiandika "The car skidded because the tyres were old," amekiri. Kampuni haihitaji kutafuta zaidi, mwenye gari kasema mwenyewe kwamba matairi yalikuwa yamechoka. Lakini kama hajui hasa kilichotokea, na barabara ilikuwa na utelezi wa mvua, basi ukweli ni "The car skidded, probably because the road was wet." Hapo "probably" ni huenda. Si ujanja wa kukwepa, ni kusema kile anachokijua bila kuongeza asichokijua. Ndivyo ilivyo pia kwa anayeiandikia benki kwamba akaunti yake imefungwa. Kama anakisia tu kuwa alikosea namba ya siri, aandike "probably because", asijihukumu kabla ya kuhukumiwa.

Hata "eti" yetu ina ndugu yake huko. "He was fired, supposedly because he came late." Yaani kafukuzwa, eti kachelewa, na msemaji mwenyewe haamini. Anayetaka kusema tu kwamba ndivyo alivyosikia, bila kutia shaka, anatumia "apparently because".

Kwenye kukanusha mambo yanakuwa magumu kidogo. "I didn't leave because of the salary" ina maana mbili. Inaweza kuwa niliondoka, lakini mshahara haukuwa sababu. Inaweza pia kuwa sikuondoka, mshahara ndio ulionibakisha. Kiswahili nacho kina mtego huohuo: "Sikuacha kazi kwa sababu ya mshahara." Kwa mdomo sauti inasaidia, kwa meseji haisaidii. Njia nyepesi ni kuivunja: "I left, but not because of the salary." Na kama mshahara ulikuwemo ila haukuwa peke yake, "I left, but not just because of the salary."

Hiyo "just because" ina matumizi mengine ya kujitetea, yanayosikika sana kwenye maongezi: "Just because I speak slowly doesn't mean I don't understand." Kuongea kwangu taratibu hakumaanishi sielewi. Kwenye barua rasmi baadhi ya walimu wataikata kwa kalamu nyekundu, lakini mdomoni ni sentensi ya kila siku.

Jambo jingine dogo. "Since" na "as" nazo hutoa sababu, lakini hazikubali vielezi hivi. "Partly since" inakwaruza masikio, "mainly as" nayo vilevile. Anayetaka kupima sababu abaki na "because", au "because of" kama kinachofuata ni jina: "mainly because of my mother's illness". Wengi huandika "because of my mother was sick", na hapo "of" haina kazi, itolewe.

Kwa mwenye kupenda asili ya maneno, "because" yenyewe zamani ilikuwa maneno mawili, "by cause", na hiyo "cause" ilitoka Kifaransa. Umbo lake ni lilelile la "kwa sababu", ambapo sababu nayo tuliipata kwa Waarabu.

Kuvirundika vielezi navyo haipendezi. "Basically, it was just simply because" inamfanya mtu aonekane anatafuta pa kutokea. "Obviously because" ni mbaya zaidi kwenye usaili, maana inamwambia aliyeuliza kwamba swali lake ni la kijinga. Kimoja kinatosha.

Turudi kwa yule wa Zanzibar. Angeweza kusema, "I left mainly because my contract was ending, and partly because my mother was ill." Mshahara haujatajwa hapo, na anayetaka kuujua atauliza mwenyewe. Akiulizwa, jibu ni fupi: "Yes, that too, but not only because of that."